Pua ya Mwantum

Jumatatu, 3 Juni
Watafiti wamefika Kibiti kutoka Dar. Wanataka kujua mfuga kuku anabeba bakteria gani. Kijiti cha pamba puani, basi! Mkubwa wao, Nassibu, anataka wawili kila nyumba: anayeingia bandani na asiyeingia.

Nikamsukuma mfanyakazi wangu mbele. Huyu hapa, Mwantum, nikasema, hata akioga ananuka banda. Watu wakacheka. Yeye akainama.

Pua ya pili yangu. Nimewaambia banda silikanyagi. Nisemeje? Mwenye duka kama mimi, ninuke mavi ya kuku mbele ya vijana wa Dar! Kila asubuhi naingia mwenyewe kupasua vidonge vya rangi mbili, unga namwaga kwenye maji ya kuku. Dawa simwachii Mwantum. Ataiba.

Jumatatu, 10 Juni
Zehra wangu katoka hospitali! Kazaa kwa operesheni — mjukuu dume, alhamdulillah! Arobaini anakaa kwangu. Binti mmoja tu Mungu kanipa.

Mwantum kataka kumpakata mtoto. Nimempiga kofi la mkononi.

Jumatano, 12 Juni
Nassibu kapiga simu. Mwantum hana simu, wanapiga yangu. Nikaweka spika nisikie.

Puani ana bakteria sugu, dawa za kawaida haziwezi. Kasema si ugonjwa, wanaofanya kazi na mifugo wengi wanao, anawe mikono tu. Na asifukuzwe. Asifukuzwe! Kwani nyumba ni yake? Majibu yangu bado.

Nimemtoa na kikombe chake. Analia, ati bandani tunaingia wote. Nikamwambia afunge domo. Mlangoni kageuka: nyani haoni kundule, Mama Zehra.

Mimi nyani! Nimempigia dada yake aliyeko Mchukwi, nimemwambia Mwantum anaoza pua. Tuone nani atampa kazi.

Jumatatu, 17 Juni
Idi. Kuku wote wamenunuliwa, wamebaki vifaranga. Nimewapa dawa yao, nikaingia chumbani kwa Zehra.

Mshono wake una joto. Namsafisha mwenyewe, asubuhi na jioni. Mtu mwingine simwamini.

Jumatano, 19 Juni
Usaha. Mwanangu anatetemeka kwa homa, mtoto anamnyonyesha huku analia.

Hospitali nesi kabadilisha dawa, ile ya kwanza haisaidii. Kauliza nyumbani nani anashika mifugo. Nikasema alikuwepo mfanyakazi, mchafu, nimeshamfukuza. Nesi kasema vizuri, anayeosha kidonda asiwe mtu wa kuku. Kesho kutwa turudi.

Njiani Zehra kamlaani Mwantum na kizazi chake. Mwantum hajamgusa hata ukucha. Nikaitikia amina.

Alhamisi, 20 Juni
Nassibu tena. Majibu yangu.

Yale yale! Bakteria yule yule wa Mwantum. Kashangaa: mama, si ulisema bandani huingii? Kauliza kama nyumbani kuna mgonjwa au mwenye kidonda, maana daktari wake lazima ajue.

Nikasema hakuna. Nikakata.

Nimwambie nini Zehra? Nesi je? Na Mwantum — yule aje kunicheka mlangoni kwangu? Thubutu! Pengine vijana wamechanganya vijiti vyao. Hao watoto wanajua nini.

Nimenawa kwa sabuni ya kufulia mpaka mikono inawaka. Nimenawa tena.

Zehra anaita. Mama, maji yameshachemka, njoo unioshe — sitaki mtu mwingine anishike.

Nimeitika. Nakwenda.