Jogoo Aliyegeuzwa Ndani

Ipuli, Tabora
6 Desemba 1947

Mwanangu Alois,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute huko Tanga mwili umejaa na moyo umetulia, maana nasikia chakula cha kambi za mkonge ni cha kupimiwa. Mimi mama yako sijambo. Homa ilinilaza wiki mbili, sasa imeniachia, imebaki miguu tu kulalamika.

Kwanza habari njema: nyumba yetu ina paa jipya! Nyasi za marehemu baba yako nimezishusha zote. Ukitokea njia ya stesheni, jua likipiga, utaliona linametameta kuliko la katekista. Watu husimama. Mzee Shilinde, unaujua ulimi wake, alisema kwetu sasa hata kuku watalala kizungu. Nikamjibu kwamba mwenye mwana msomi hanyeshewi.

Sasa sikia akili ya mama yako wa darasa la pili. Tangu vita, mabati hayapatikani hata kwa Wahindi. Lakini kwenye jaa la mji, ng'ambo ya reli, wanatupa madebe ya mafuta ya taa, yale ya chapa ya jogoo mwekundu, tena mazima! Fundi Lukumani, mtengeneza koroboi wa sokoni, alinifundisha kupasua debe kwa tindo, kulikunjua, kulinyoosha kwa nyundo ya mti, kisha kukunja kingo zishikane. Madebe tisini na manne, Alois, kwa mikono hii. Na hakuna kilichorudi jaani. Vifuniko nilivitoboa vikawa machujio, vipande vyembamba Lukumani akavifanya koroboi, mishikio ya waya nikaiunga, leo naanikia nguo.

Tulibishana jambo moja tu. Fundi alitaka upande wenye rangi na jogoo utazame mbinguni, kwa kuwa rangi ndiyo inayozuia kutu. Nikakataa, nilitaka upande mweupe ndio uonekane njiani. Akacheka, akasema Mama Alois unaivika nyumba kanzu ndani nje.

Basi nikuambie nisilomwambia hata padri. Ukimtoa Lukumani, aliyeniapia kufunga mdomo, watu wote wanajua kwamba ni mabati, na kwamba umeyaleta wewe kwa treni. Mimi ndiye niliyewaambia. Barua yako ya mwisho ilifika kabla ya Pasaka ya mwaka jana, na wakiniuliza habari zako nilikuwa sina la kusema. Nikataka jina lako litajwe hapa kwa kitu.

Ila mtu akiingia na kuinua macho, anaona majogoo wekundu ukuta hadi ukuta. Kwa hiyo tangu Juni hakuna aliyevuka mlango wangu. Wageni nawakalisha barazani, nasema ndani kuna moshi, ndani kuna siafu. Mvua zilipoanza, kutu ilikwisha kula, paa likavuja kitandani, ndipo homa. Shoga yangu Eustadia, tuliyebatizwa naye siku moja, akaniletea uji wa ulezi. Nilijikokota nikauegemea mlango usifunguke, nikamwambia sitaki mtu. Akauliza penye ufa amenikosea nini. Nikazidi kuukaza mlango kwa bega. Aliacha bakuli chini akaenda, na sasa kanisani anakaa benchi la mbali. Nimeugua wiki mbili nikitazamwa na kuku.

Kesho baada ya Misa nitamfuata, nimlete ndani aone kwa macho yake. Barua hii naipeleka stesheni leo hii, nisije nikaichana. Nikishikwa na aibu mlangoni kwake nikarudi peke yangu, basi itakuwa wewe tu, mwanangu, ndiye uliyeingia.

Wasalimie wote unaokula nao sahani moja. Usinitumie kitu. Andika.

Ni mimi mama yako mzazi,
Apolinaria