Uso wa Danson

Mogogosiek, 3 Machi 2025

Kwa binti yangu Shirley,

Habari za Doha, na kazi yaendaje? Huku tuko salama, isipokuwa macho ya mama yako. Daktari wa Kericho anasema presha ya macho imeharibu mishipa, na mwanga uliobaki hautadumu. Mama ameniomba jambo moja tu: amwone Danson mara nyingine, picha kubwa ya ukutani.

Unajua marehemu ndugu yako alituacha bila picha nyingine ila ile ya siku ya michezo shuleni, amesimama nyuma ya wenzake. Nimeskani negativu yake, ule mkanda wa filamu, kwa kiwango cha juu kabisa ili uso utokee. Sasa faili imekuwa kubwa mno, kompyuta ya studio yangu inaganda. Nikifuta mkwaruzo mmoja, nangoja mpaka chai inapoa. Nilitaka kuikata ibaki uso tu, mama akakataa. Anamtaka kati ya wenzake. Nifanyeje?

Baba yako

Doha, 5 Machi

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana, na mama pia. Nimelia, kisha nikakaa nikafikiri. Mwite fundi Kipkirui akuongezee RAM, kumbukumbu ya kompyuta, na ile diski ya zamani aitoe, aweke SSD iliyo ya kasi. Kwenye programu ya picha, ipe RAM nyingi, na faili zake za muda zielekeze kwenye SSD. Funga intaneti na kila kitu kingine. Leya, yaani tabaka za picha, ukishamaliza kuzirekebisha, ziunganishe. Pesa nimetuma.

Binti yako Shirley

Mogogosiek, 7 Aprili

Shirley mwanangu,

U mzima? Nimekawia kuandika. RAM aliyoleta Kipkirui haikuingia kwenye mashine yetu, ikarudishwa Nakuru. SSD bado tunangoja. Naendelea polepole hivyo hivyo. Mama sasa anapapasa mlango kabla ya kutoka. Jana alimimina maziwa kando ya kikombe, nami nikapangusa meza.

Baba yako

Doha, 9 Aprili

Baba,

Poleni sana. Tafadhali usingoje. Ichapishe na mikwaruzo yake.

Shirley

Mogogosiek, 26 Aprili

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta na afya. Sikuichapisha. Mkwaruzo mmoja ulipita katikati ya uso wake, na sikutaka mama amwone mtoto amechanika.

Ijumaa Kuu mama aliamka akaniuliza kwa nini sijafungua madirisha. Yalikuwa wazi.

Vifaa vilifika wiki iliyofuata. Sasa picha inafunguka hata sijakaa vizuri kitini. Nilimaliza kazi yote asubuhi moja. Nikaichapisha Kericho, nikaitundika sebuleni, nikamshika mama mkono mpaka hapo. Aliipapasa karatasi kwa muda mrefu akitafuta mahali alipo Danson, nami nikauweka mkono wake juu ya uso.

Akaniuliza, "Anacheka?"

Nikasema anacheka.

Hacheki, Shirley. Amekunja uso kwa sababu ya jua. Ukimpigia mama simu, nawe umwambie anacheka.

Baba yako