Ndizi Ulizotia Kwenye Difu

Baba Naomi,

Sikusalimii. Wengine wakija hapo mgombani ulipolala wanakusalimia kwa sauti ya kanisani, na mchungaji alipopita juzi alikuita mtumishi mwaminifu. Nilinyamaza kwa heshima ya joho lake. Sasa niko peke yangu mezani, chai imepoa, na nina maneno ya kukuambia.

Nimefungua difu ya pikapu, lile tumbo la chuma huko nyuma lenye meno ya kuzungusha magurudumu.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukiwa hai ulikuwa unanikata kauli kabla sijafika mwisho, na leo huwezi. Baada ya kukuzika, gari lilibaki uani kwa sababu hakuna aliyejua la kulifanyia. Mdogo wako Elifuraha alikuja kutoka Kijenge na viatu vyake vyeupe, akalizunguka, akapiga tairi teke, akasema tutaongea. Sikungoja maongezi. Nyanya zilikuwa zimeiva kule ng'ambo ya Momela, wakulima wale wale uliokuwa unawabebea wakanipigia simu, nikachukua ufunguo nikaenda. Ndiyo, niliendesha mwenyewe. Ulinifundisha wewe, mwaka tuliooana, kwenye barabara ile ile, twiga wakitushangaa, ukicheka kila nikizima injini. Halafu gari lilipoanza kuleta hela ukanipokonya ufunguo, ukasema mlima huu si wa wanawake. Nilikupenda sana wiki ile ya kufundishwa. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli, usidhani hasira zimepungua.

Safari za kwanza zilikwenda vizuri. Siku lilipovunjika, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilikuwa na matenga ya nyanya hadi juu, na mama wawili wachuuzi wamekaa nami mbele. Katikati ya kilima kitu kikapasuka chini ya gari, nikafikiri tumegonga jiwe. Injini inanguruma, magurudumu ya nyuma hayasukumi, na gari likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Likaendelea kuteleza kwenye matope, taratibu, na upande wa kushoto ni korongo. Unalijua lile korongo. Mama mmoja alikuwa anaomba kwa Kimeru, mwingine alinishika bega hata kucha zikaingia. Tulisimama kwa sababu tairi la nyuma lilipata kisiki. Kisiki, Baba Naomi. Hakuna kingine kilichotuokoa.

Trekta likatuvuta hadi nyumbani, na ukoo ukakaa. Elifuraha aliongea kama mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo: gari limekufa, mjane hawezi kukaa na chuma kinachooza uani, yeye atalichukua auze spea zake. Wazee wakaamua hivi: likifika siku ya ibada yako ya kumbukumbu linatembea, ni langu na watoto. Likiwa bado limelala, Elifuraha aliondoe. Nikasema sawa. Hakuna aliyeuliza tutakula nini likiondoka, wakati kahawa uliyotuachia haijazi hata debe.

Nikalipeleka Lemara kwa Zakaria, fundi ambaye ulikuwa unamkwepa. Siku zote nilishangaa kwa nini ulimkwepa. Akalala chini ya gari, akaweka beseni, akafungua nati ya kumwagia oili. Haikutoka oili. Kilitoka kitu cheusi, kizito, kwa mabonge. Akakichota kwa kidole, akanusa, akanusa tena.

Akasema, "Mama Naomi, humu ndani kuna mtori."

Wala hakucheka. Alinieleza kuwa ni ndizi mbivu zilizopondwa na maranda ya mbao. Meno ya difu yakilika yanalia, na mtu asiyetaka kutengeneza anatia vitu hivyo ili sauti ipotee. Sauti inapotea kweli, na meno yanaendelea kulika hadi yanyofoke. Wanaofanya hivyo ni wale wanaotaka kumuuzia mwenzao gari bovu. "Lakini mzee hakuwa anauza," akasema, akanitazama kama mimi ndiye ninayejua.

Na nilijua, pale pale. Mwaka jana nilikuambia gari linalia. Nilikuambia jikoni, nikakuambia tukienda kanisani: ule mlio mwembamba huko nyuma kila ukikanyaga mafuta. Ukasema ni masikio yangu. Ukasema, "Mama Naomi, umeanza kuzeeka." Halafu Jumamosi moja wewe, mtu usiyeonja ndizi mbivu tangu nikujue, ukaomba kichane kizima, nikafurahi, nikadhani hatimaye umezipenda. Kesho yake gari lilikuwa kimya. Ukageuka mbele ya watoto ukasema, "Unaona? Hakuna kitu." Na mimi nikaamini kwamba nasikia visivyokuwepo. Nilikwenda hospitali kupimwa masikio, Baba Naomi. Nauli ulinipa wewe.

Nilikutukana pale gereji. Kwa Kimeru na kwa Kiswahili, maneno ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua. Zakaria akainama akajifanya anatafuta spana.

Alikataa kurudishia difu ya aina ile. Alisema hata ingekuwa mpya, ni ya gari la kubeba watu na mabegi, na sisi tunapandisha matenga kwenye matope. Akataka kubwa zaidi, ya gari la kazi, pamoja na ekseli yake nzima, tena yenye loki: ukibonyeza swichi, magurudumu yote mawili ya nyuma yanazunguka pamoja, moja likikosa pa kushika lile lingine linasukuma. Wewe ungesema ni anasa. Niliinunua kwa fahali wako, yule uliyekuwa unamwita Bwana Mkubwa na kumsalimia kabla yangu kila asubuhi. Alipopakiwa hakugeuka hata kuangalia nyumba, na mimi sikumwaga chozi.

Ili kupitisha waya wa hiyo swichi ilibidi kiti cha dereva king'olewe. Zakaria alikiinua, akasimama kidogo, kisha akaniletea alichokuta chini yake huku anatazama pembeni. Bahasha ndogo za dawa. Jina lako limeandikwa juu. Vidonge vya presha, bahasha moja imefunguliwa na kuliwa kidogo, nyingine hazijaguswa.

Kumbe ulipimwa. Kumbe uliambiwa, ukapewa dawa, ukazikalia kila siku hadi sokoni na kurudi. Na asubuhi ile ulipoanguka bandani na ndoo ya maziwa, daktari aliponiuliza kama uliwahi kuumwa, nilimwambia huyu ni mzima kabisa. Nilimwapia! Akanitazama kwa huruma, na mimi nikamchukia kwa ule mtazamo, wakati aliyestahili kuchukiwa alikuwa amelala kitandani mbele yetu.

Siku hiyo pale gereji sikukutukana. Niliomba maji ya kunywa nikakaa juu ya tairi kuukuu, na kazi haikuendelea.

Kesho yake nilirudi. Kuna kazi moja pale ambayo ningependa uione. Kabla ya kufunga difu, fundi anapaka meno rangi, kisha yanazungushwa kwa mkono polepole, halafu anaangalia rangi imefutika wapi. Ikifutika pembeni, meno hayajakaa sawa, anafungua anarekebisha. Mimi ndiye niliyezungusha. Tulirudia hadi mkono ukafa ganzi, na kila mara nikimwambia imetosha, Zakaria anatikisa kichwa. Hatimaye rangi ikafutika katikati ya jino, safi. Nilitaka kukupigia simu. Nilishika simu kabisa, Baba Naomi, nikatafuta jina lako.

Propela, ile fimbo ndefu ya chuma inayozungusha difu, ikakatwa ili ienee, oili ikajazwa, nikaambiwa niende taratibu mwanzoni bila mzigo. Nilizunguka na gari hadi sokoni Usa na kurudi, vioo vimeshushwa, redio imezimwa, nasikiliza. Lilikuwa linanguruma kama gari zima linavyonguruma.

Jana nilipandisha nyumbani na mzigo wa mchanga wa kaburi lako. Mvua ilikuwa imepasua ile njia yetu, na wazee walikuwa wamekaa kibarazani kwa dada yako, wamegeuza viti kutazama. Tairi moja likaanza kuzunguka bure. Nikabonyeza swichi, nikasikia loki imeshika, nikaongeza mafuta kidogo, gari likapanda hadi mlangoni. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa ukoo alisema tu, "Basi ni la mama." Nikashuka nikaanza kupakua mchanga.

Elifuraha alikuja kunyoosha mkono. "Shemeji, lete ufunguo nijaribu kidogo." Nikamwambia apande upande wa abiria. Alipanda kweli, lakini kutoka kibarazani hadi kwenye gari, mwendo mfupi hivyo, alikuwa anahema, na alipokaa akashika kisogo kama ulivyokuwa unashika wewe ukitoka shambani. Nikamuuliza ana nini. Akasema ni jua tu, na angani hakukuwa na jua. Nilitaka kumzaba kibao. Nilikuona wewe ndani yake, na sikuweza kuwasha gari.

Jumapili ndiyo ibada yako. Kaburi litakuwa limesakafiwa, na mchungaji atanipa kipaza sauti niseme neno la shukrani. Nakuahidi hili: sitasema ulikuwa mtumishi mwaminifu. Nitasema uliambiwa una presha ukaficha. Nitasema dawa zilikutwa wapi, na nitamtazama mdogo wako nikisema. Watanuna, dada yako ataondoka kabla ya chakula, na mimi nitakuwa nimekuaibisha mbele ya ukoo mzima. Iwe hivyo. Jumatatu asubuhi Elifuraha anapanda gari langu, atake asitake, nampeleka akapimwe, na vidonge atameza nikiwa namtazama mdomoni.

Lala sasa. Sijakusamehe na sijui lini. Pengine ulidhani nitaogopa, pengine uliona aibu, sitajua kamwe, na hilo linaniuma kuliko siku ile ya korongo. Ungeniambia tu, mume wangu. Ningekuendesha mwenyewe hadi hospitali, na difu ile ile mbovu, ikilia njia nzima.

Mama Naomi