Mafuta ya Nyonyo Kipupwe Hiki

Jumatano, Julai 1915

Baridi tangu alfajiri. Upepo wa kusini umelipiga ziwa usiku kucha, na asubuhi mlima ulio nyuma ya nyumba ulikuwa umemezwa na ukungu, hata njia ya kupandia Ukinga haikuonekana. Sikutaka kuamka.

Naandika Kiswahili kwa sababu humu nyumbani hakuna mwingine anayekisoma. Mume wangu Ambilikile ndiye aliyenifundisha, jioni baada ya kazi, kabla askari wa Wadachi hawajapita kukusanya wapagazi wa vita. Walimtwika mchele wa jeshi wakampandisha mlimani pamoja na wenzake. Wakati huo mpunga wa Makwale ulikuwa bado kijani. Sasa umeshavunwa na tumeshaula.

Nianze na ngozi, maana ya leo yote yametokana nayo.

Kipupwe cha huku chini ziwani si cha kuua mtu. Kinachotutesa ni ukavu. Ukijikuna, ukucha unaacha mstari mweupe. Midomo inapasuka ukicheka, nami bahati nzuri sina la kuchekea. Kwa sisi wafinyanzi ni balaa zaidi, kwa kuwa udongo unanyonya mafuta yote ya mikononi, na vidole vikishapasuka unaacha damu kwenye shingo ya chungu. Inabidi uisugue kwa kokoto mpaka ipotee.

Dawa ni nyonyo. Unazikaanga, unazitwanga, unazichemsha, kisha unaengua mafuta yanayoelea. Unajipaka ukishatoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevunyevu. Ukingoja ukauke umepaka jiwe. Wahenga walisema ngozi ivute ingali maji, na ingawa walikuwa wanasema mambo mengine, mimi huwa nawachukulia hivyohivyo walivyosema. Visigino kwanza, halafu viwiko, mikono mwisho.

Kwa hiyo najipaka, kila asubuhi. Na hilo ndilo mavyaa, mama yake Ambilikile, hawezi kunisamehe.

Huku kwetu mfiwa hagusi mafuta. Anajipaka majivu, ngozi inapauka na kupasuka, mpaka siku ya kumaliza matanga ndipo anapoogeshwa na kupakwa mafuta upya. Mjane akishapakwa hayo, anakabidhiwa kwa ndugu wa marehemu. Sisi ni Wakristo na mchungaji amelikataza jambo hilo, lakini shemeji yangu ameanza kuliezeka paa langu bila kuombwa. Nikiacha mafuta hata siku moja, nimekubali kwamba Ambilikile amekufa, na yanayofuata nayajua.

Mavyaa aliacha mafuta yake tangu masika yalipokwisha. Hakuna aliyemletea habari, anasema aliota tu. Visigino vyake vimechanika mpaka nyama inaonekana, na bado anashuka ziwani kuchimba udongo. Nampenda mama yule. Kuna siku namchukia pia.

Asubuhi ya leo alinikuta najipaka. Alisimama akanitazama.

"Unang'aa kama bibi harusi," akasema. "Unamng'aria nani?"

"Mume wangu, mama. Hajafa."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Nikaendelea kujipaka. Nilijipaka hata mahali ambapo hapakuhitaji, ili aone.

Mchana, ukungu ulipoinuka, tuliona mtu anashuka mlimani. Tulidhani mzee. Alipofika uani ndipo tukamtambua, Asegelile wa nyumba ya tatu, aliyechukuliwa siku moja na Ambilikile. Ni kijana, lakini ngozi imekuwa kama gome la mti na midomo imekatika vipande. Kidole kimoja cha mguu hakipo.

"Ndaga, mama," alimsalimu mavyaa, akakaa chini kabla hajakaribishwa.

Nilimpa uji. Aliunywa wote, ndipo akasema. Huko juu Ukinga umande unaganda, majani yanaamka meupe, na wao walilala nje. Ambilikile alianza kukohoa, kisha akashindwa mzigo. Askari akaamuru mzigo ugawanywe na safari iendelee. Walimwacha chini ya jabali, wakamwashia moto. Mwezi ulikuwa mchanga siku hiyo. Asegelile mwenyewe alitoroka baadaye.

"Mlipomwacha alikuwa hai?" nikauliza.

"Alikuwa anapumua, dada. Alikuwa anaongea."

Nililidaka neno hilo kama mwenye njaa. Nikamgeukia mavyaa nikamwambia, umesikia, anapumua. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nani atanisindikiza kupanda, tubebe ndizi kiasi gani, na nguo gani nzito nimpelekee. Mwezi umeshajaa na kumong'onyoka tangu wakati huo, nao sikutaka kuuhesabu.

Ndipo Asegelile akavua kibuyu kidogo shingoni. Nilikijua. Nilikijaza mafuta mimi mwenyewe siku waliyomchukua Ambilikile, nikakiziba kwa gunzi.

"Kaka alisema nikuletee," akasema. "Alisema kipupwe kimeingia, mikono yako itakuwa imepasuka."

Nikauliza kama hakuwa akiyatumia. Asegelile akasema aliyatumia kila jioni, kidogo sana, visiginoni tu, na hakumpa mtu hata tone. Wenzake walimwita bahili. Nilikitikisa kibuyu nikayasikia ndani, karibu nusu.

Mtu anayetegemea kushuka mlimani hagawi mafuta yake kwenye baridi ile.

Sikulia. Mavyaa naye hakulia. Asegelile alipoondoka kwenda kwa mama yake, tulibaki tumekaa na kile kibuyu katikati yetu, na hakuna aliyesema "nilikuambia". Nilikuwa namngoja alitamke ili nipate wa kumkasirikia. Hakulitamka.

Mwishowe nikapasha maji moto. Nikamwosha miguu, nikautoa udongo wote uliojaa kwenye nyufa, nikaiweka mapajani mwangu. Nilijua ataivuta. Hakuivuta. Nikayamimina mafuta ya mwanawe kwenye visigino vile, ufa kwa ufa, na nilijua yanamchoma kwa sababu vidole vyake vilikunjika. Yeye alikuwa anautazama mlima.

Kisha akakichukua kibuyu mkononi mwangu. Akanipaka mikono, kidole kimojakimoja, taratibu, mpaka kibuyu kikabaki kitupu.

"Yamekwisha," akasema.

Jua linazama sasa. Mavyaa yuko pale tunapochomea vyungu, anachekecha majivu, anatoa mkaa ili yabaki laini. Anachekecha ya watu wawili. Shemeji alipita kuuliza habari za paa, nikamwambia aliache livuje.

Moto waliomwachia, Asegelile anasema, ulikuwa mdogo, kuni zilikuwa mbichi. Je, alijikunja? Nani alimfunika?

Mikono yangu inanuka nyonyo. Leo sinawi. Kesho nitajipaka majivu, na ngozi ipasuke inavyotaka.