Besi ya Mkono Mmoja

Nyumbani, Jumapili mchana

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako, na za wapwa zako ambao wamegombania kalamu, kila mmoja akitaka kukuandikia mstari wake, mpaka nikawafukuza wote wakacheze nje. Natumai barua hii itakukuta na afya, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimeshatulia. Unakula lakini? Mwanamume anayeishi peke yake na gitaa husahau kula. Baba alikuwa hivyo hivyo kabla hajaoa, marehemu mama alitusimulia mara nyingi. Sisi huku hatujambo. Baba anakula, anatembea na fimbo yake hadi barazani na kurudi, maneno yake yamerudi karibu yote, na ulimi wake una ukali uleule unaoujua. Jana alimwambia shemeji yako kwamba shati alilovaa limeshonwa na mtu anayemchukia. Shati hilo nimelishona mimi.

Kifurushi chako kilifika salama, nyuzi zote zikiwa kamili ndani ya karatasi zake. Nakushukuru sana. Lakini kaka, kabla hujatuma nyingine, nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho. Kwenye simu nimeshindwa kuyasema haya, kwa sababu baba hukaa karibu yangu ninapoongea na wewe, na kwa sababu sauti yangu hunisaliti mapema.

Nianzie pale alipotoka hospitali baada ya kile kiharusi. Unajua tulimleta kwangu, katika chumba cha kushonea, kwa kuwa hakina ngazi. Nilisogeza cherehani dirishani, na pale palipokuwa na meza ya kukatia vitambaa tukaweka kitanda chake. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa maji wala dawa. Aliuliza besi yake, lile gitaa lake la nyuzi nne, iko wapi. Shemeji yako akamjibu kwamba iko kulekule kwake, imeegemezwa ukutani. Baba akafumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. Akasema gitaa haliegemezwi ukutani, litateleza lianguke kifudifudi na huo ndio mwisho wa kichwa chake. Ama lilazwe ndani ya kasha lake, ama litundikwe, na lisiachwe ndani ya gari juani hata kwa muda wa kununua mkate. Tukaenda kulichukua siku ileile. Nilirudi nalo kiti cha nyuma, nimelipakata kama mtoto mwenye homa.

Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ndio uliolala. Wewe ni mpigaji, huna haja ya kuelezwa: wa kulia hudonoa nyuzi, lakini wa kushoto ndio unaobana shingoni na kuamua itoke sauti gani. Vidole vyake viliweza kujikunja kidogo, kama vinavyoshika kikombe, basi. Alipojaribu kubana ule uzi mnene, ulikoroma tu. Akajaribu tena. Ukakoroma. Akanitazama akacheka, akasema besi imepata mafua.

Hapo ndipo wazimu wangu ulipoanza. Nilijiambia kwamba nyuzi ziko juu mno, kwamba zikiteremshwa hata vidole dhaifu vitazifikia. Nikamwomba baba anielekeze. Alinielekeza akiwa kitandani, mito miwili mgongoni, kwa uvumilivu ambao wewe na mimi hatukuwahi kuuona tulipokuwa wadogo. Nianze na shingo, alisema, kwa maana ndani yake imepita fimbo ya chuma inayoshindana na mvuto wa nyuzi. Nibane uzi kwenye chuma cha kwanza cha vile vilivyopangwa shingoni na kile cha mwisho, kisha nitazame katikati, baina ya uzi na shingo: iweze kupita kadi nyembamba, si zaidi. Nikiona nafasi imezidi, nichukue alenki, kile kifunguo kilichopinda, nikaze robo ya mzunguko, halafu niache mpaka kesho yake, kwa kuwa ubao hauitiki papo hapo. Shingo ikishakaa sawa ndipo nishuke kule chini, kwenye vile vipande vya chuma vinavyokaliwa na nyuzi, niteremshe kimoja kimoja. Mimi kukaza uzi nimezoea, ila ni wa cherehani, na wa cherehani ukikatika unatunga mwingine, maisha yanaendelea. Huu nilikuwa naukaza huku nimebana pumzi.

Ikasaidia, au niliona kama imesaidia. Kisha uliponiuliza kwa simu kama tujaribu nyuzi nyembamba, nikaona umenisomea mawazo. Ulipozituma, baba akanionya nisizivue zile za zamani zote kwa mpigo, nibadilishe mmoja baada ya mwingine ili shingo isishtuke, na nisiukate uzi mpya mfupi mno, uweze kuzunguka kigingi chake vizuri. Siku hiyo alibana uzi mwembamba kuliko yote kwa kidole cha shahada, akatoa sauti moja safi. Moja. Wapwa zako wakapiga makofi. Hiyo ndiyo siku niliyokupigia simu nikakuambia kwamba anapiga.

Baada ya hapo hakuitoa tena. Nikateremsha nyuzi zaidi, zikawa chini mno, zikagonga vyuma kama vijiko ndani ya droo. Nikapandisha. Nikateremsha. Chumba changu kikageuka karakana. Wateja waliokuja kupimwa magauni walinikuta nimeshika alenki mdomoni mahali pa pini. Mmoja aliniuliza kama bado nashona au nimebadili kazi. Baba aliyatazama yote haya kwa utulivu. Nikimwuliza sasa vipi, husema sasa ni afadhali. Kila mara ilikuwa afadhali.

Ndipo akaja Kishindo. Mpiga ngoma yuleyule wa bendi ya baba, ila tumbo limeongezeka na nywele zimepungua. Alikuja kusema kwamba anamwoza binti yake wa mwisho, na kwamba bendi itapiga, na kwamba harusi hiyo haitakuwa harusi kama baba hatapiga walau ule wimbo wao wa kufungia. Nilimkonyeza aache, hakuniona. Baba akamwambia atakuwepo.

Nilihangaika kaka, nakuambia kweli. Nilikuwa nakata kitambaa huku nafikiria vidole. Siku moja baba alikuwa anasubiri chai, besi iko mapajani mwake, na mkono wake wa kulia ukawa unadonoa nyuzi wenyewe bila kubana popote. Nikasimama na birika mkononi. Nikamwuliza ule wimbo wa kufungia unahitaji sauti ngapi za besi. Akasema ukiuvua mapambo yote, unasimama kwa tatu: sol, do na re. Nikamwuliza, je, kama kila moja ya hizo ingekuwa na uzi wake, ukidonolewa wazi? Akanitazama. Kisha akasema, polepole, kwamba nyuzi tatu nene zikilegezwa hatua mbili mbili, na ule mwembamba ukaachwa ulivyo, sauti zote hizo zinapatikana.

Kumbe kulegeza nako kuna mambo yake. Mvuto ulipopungua, shingo ikarudi nyuma, nyuzi zikaanza kulialia kwenye chuma cha kwanza. Ikabidi nilegeze na ile fimbo ya ndani, robo, kisha kusubiri. Halafu nyuzi zenyewe zikawa teketeke kama kamba ya kuanikia nguo, ndipo nikakuomba hizi nene ulizozituma. Nilizifunga mara tu zilipofika. Nikazityuni kwa ile programu ya simu, na baba akazisahihisha kwa sikio, kwa sababu simu, alisema, haijawahi kucheza dansi.

Juma lililopita tukaenda kwenye mazoezi. Bado wanafanyia palepale, stoo iliyo nyuma ya duka la samani, na bado panakaa makochi yasiyouzwa, yamevikwa nailoni. Walimketisha baba kwenye kochi moja. Shemeji yako akambebea amplifaya. Nilimvisha mkanda wa gitaa, mkono wa kushoto nikamlazia juu ya shingo ili uonekane uko kazini. Kishindo akahesabu.

Kaka, alipiga. Laiti ungekuwepo. Hakukosea hata mahali pamoja. Ile tabia yake unayoijua, ya kuiacha sauti ikae mpaka ngoma ije kuichukua, ilikuwa palepale. Wenzake wakawa wanatazamana wakicheka. Nailoni za makochi zilitetemeka. Mimi nilisimama kando ya mlango, nikajiambia kwamba tumeshinda, nikawa tayari natunga maneno ya kukuambia kwa simu.

Wimbo ulipokwisha, mwimbaji alikuwa amejawa na furaha kiasi kwamba hakufikiri. Akaanza wimbo mwingine papo hapo, ule wa haraka, na wenzake wakaingia kwa mazoea. Wimbo huo una sauti nyingine kabisa. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye nyuzi zile.

Baba aliweka kiganja cha kulia juu ya nyuzi zisilie. Akautazama mkono wake wa kushoto, mara moja tu, kama unavyomtazama mtu uliyemtuma dukani ukamwona bado amesimama mlangoni. Kisha akainua uso akaanza kutikisa kichwa kufuata mdundo. Waligundua. Niliona Kishindo amegundua, akainamia ngoma zake. Lakini hakuna aliyethubutu kusimamisha, maana kusimamisha kungekuwa ni kusema. Wakaupiga wote, beti zote, bila besi, na baba akawatikisia kichwa na kutabasamu mpaka mwisho. Nilishika kitasa cha mlango nikawa nakizungusha.

Walipomaliza, baba alimsifu mwimbaji. Akamwambia Kishindo amwite yule kijana anayeshika nafasi yake siku hizi, apige harusini. Yeye atakaa na wageni, kwa miaka yote hiyo ya kupiga hajawahi kuona harusi inaonekanaje kutoka upande wa viti. Wakacheka, na Kishindo akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Tulipofika nyumbani, hata viatu sikuvua. Nilichukua alenki na daftari la vipimo, nikamwuliza baba ule wimbo wa haraka unahitaji sauti zipi. Nikamwambia tutaazima gitaa la pili, moja la wimbo huu, jingine la ule. Nikamwambia kama ni tatu basi tatu. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Keti," akasema. "Gitaa hili halina kosa, mwanangu. Limekaa vizuri kuliko lilivyowahi kukaa mikononi mwangu."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Daktari aliniambia siku ile ulipokwenda kuchukua dawa. Mkono huu haurudi. Mimi ndiye niliyemwomba asikuambie."

Kaka, nilimwuliza kwa nini basi aliniacha miezi yote hii nikaze, nilegeze, nisumbue watu na nyuzi. Sikumwuliza kwa adabu. Akajibu bila kunitazama:

"Pale hospitali ulikuwa umesimama, hujui mikono yako uiweke wapi. Uliposhika hiyo alenki ukatulia. Nikaona nikupe kazi."

Sikumwuliza kuhusu ile sauti moja safi. Nilitaka, nikaogopa jibu lake. Aliniomba nizilegeze nyuzi na kulilaza gitaa kwenye kasha, lakini nisizilegeze kabisa, kwa kuwa shingo isiyovutwa na kitu hupinda kinyume. Nikamwuliza nilegeze kiasi gani. Akasema mimi sasa ni fundi, nitajua mwenyewe. Mpaka leo sijalegeza hata mmoja. Linaning'inia ukutani juu ya cherehani, limetyuniwa kwa wimbo mmoja, na mtoto akikimbia chumbani linavuma kidogo.

Harusi imepita. Baba alikaa na wageni, akala vizuri, akasema kijana anaharakisha. Hayo ndiyo yaliyotokea. Lakini liko jambo moja bado, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Kila asubuhi humkanda ule mkono kwa mafuta, kuanzia kiwiko kushuka kwenye vidole, kama walivyonifundisha hospitali. Nilidhani baada ya maneno yale ataniambia niache. Hakuniambia. Kila asubuhi huunyanyua kwa ule mzima, akauweka mapajani mwangu, akatazama dirishani. Sasa ninajua anauweka pale kwa ajili ya nani. Leo nilipofika kidole cha mwisho nilisimama, nikashindwa kujua niendelee au nimrudishie mkono wake. Yeye hakuuondoa. Alisubiri. Nikarudi kiwikoni, nikaanza upya.

Usitume nyuzi tena, kaka. Kama utapata ruhusa huko kazini, njoo wewe. Usiniulize uje kufanya nini. Sijui mimi mwenyewe nafanya nini. Njoo tu, tuwe wawili.

Baba anakusalimu. Ameniona naandika, akaniagiza nikukumbushe kufuta jasho kwenye nyuzi kila umalizapo kupiga. Shemeji yako anakusalimu, na wapwa zako wamerudi ndani na matope, nao wanasalimu kwa kelele. Jitunze, ule, uvae nguo nzito.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi cherehani