Kasanduku ka mu Tanuru ya Kasungami

Lubumbashi, Siku ya Mungu, nyuma ya misa

Mama yangu mupendwa,

Mbele ya kukuuliza hata hali ya magoti yako, nikuambie kwanza: ulizala muntu wa bahati. Hapa Lubumbashi muzima hakuna wa kunishinda. Kuko muchezo mupya wa kutafuta bintu byenye bantu bameficha, na miye nimesha kupata tusanduku tutano, bila kuhangaika. Jicho langu likianguka tu, kasanduku kananiita. Banasema niko na dawa. Nabaacha baseme.

Sasa, magoti iko namna gani? Na ule mbuzi wako wa kiburi, alisha kuzala? Huku tuko bazima wote wawili, tunakula, tunalala, mvua imeanza.

Nakuandikia barua, hapana telefone, sababu nyumba yangu iko na chumba kimoja na Bea anasikia kila neno. Najua kile unangojea. Wakati ulinirudishia mutoto wangu Bea asome huku, ulisema: "Nyuma ya kifo cha mama yake nilimulea mwaka muzima, na alikuwa anacheka. Kama kwako hacheke mpaka Noeli, umuweke mu treni, arudie Kongolo."

Mama, nilikuficha. Tangu mwezi wa tisa hakucheka. Alikuwa ananijibu "ndiyo papa", "hapana papa", kama muntu mwenye kungojea karatasi ku biro ya serikali. Nilimuimbia. Nilimuonyesha namna mukubwa wangu wa kazi anatembea. Nilimusimulia namna nilibishana na bashofere makumi mbili ku mupaka wa Sakania, na nikabashinda kwa mudomo tu. Alisema: "Ndiyo papa."

Kisha enjenia mumoja, mwenye nilikuwa namupeleka ku mugodi wa Kinsevere na motoka, akanionyesha ule muchezo. Muntu anaficha kasanduku, ndani anaweka kitabu kadogo na bintu bya kuchezea, kisha anaandika pahali mu telefone. Wewe unafwata mushale wa mu telefone. Ukikapata, unaandika jina lako na unakarudisha pale pale, mwingine naye apate. Hata bale banaanza banaweza, bakienda bengi, na bakichagua kasanduku kakubwa kenye hakako mbali na njia.

Nikamuambia Mama Godelive, mukubwa wa korali yetu: "Siku ya Mungu nyuma ya misa nitabaongoza. Miye muzee wa njia."

Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia. "Wewe mwenye ulitupoteza siku ya kwenda ku matanga?"

Lakini balikuja, bamama munane na bitenge byabo bya korali, na Bea nyuma anavuta miguu.

Mushale ulitufikisha Kasungami, ku tanuru ya zamani ya matofali, yenye bantu balisha kuacha. Pale ukasimama. Sasa wewe unajua siye ni bana ba nani. Baba yako alichimba, papa alichimba. Kitu chenye kufichwa mu Katanga kiko chini ya udongo, habari imeisha. Nilikuwa nimekuja na jembe. Nikavua shati ya misa, nikaanza.

Lakini huku kwetu muntu akiangalia telefone kisha akachimba, hachimbe peke yake kwa murefu. Dakika kumi haikupita, mwanaume mumoja akafika na mutalimbo.

"Mumepata nini?"

"Hakuna kitu, ndugu. Tunacheza."

"Banacheza na jembe." Akatema mate mu mikono. "Miye nakaa hapa miaka kumi. Kama ni kobalti, upande huu ni wangu."

Nyuma yake bakafika bamama na mifuko tupu ya kuwekea madini. Mama Godelive akabaeleza kwamba siye ni bantu ba parokia. Mumoja akamujibu: "Mama, hata siye tunasali. Sogea tu."

Shimo ilinifika ku magoti. Nikasikia sauti ya Bea nyuma yangu.

"Papa. Mu telefone baliandika kwa Kifaransa: musichimbe."

Bote bakaacha kuchimba. Lilikuwa neno refu kupita yote nilisha kusikia kwake. Akaenda ku ukuta wa tanuru, akapitisha kidole. "Matofali yote iko nyeusi na moshi. Hii moja iko safi." Akaivuta. Nyuma yake kulikuwa kasanduku ka plastiki.

"Fungua, fungua," ule wa mutalimbo akasema, anasukuma bantu. Ndani kulikuwa kitabu, kalamu, twiga ya plastiki na kifungo ya koti. Akaangalia wee. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu," Bea akasema.

"Basi munipatie kalamu niandike jina langu. Nami nilichimba."

Mama Godelive akainamia shimo yangu. "Papa Bea, umelima muzuri. Panda muhogo, turudie kuvuna."

Ni pale, mama. Bea alicheka mpaka akakaa chini na gauni yake ya misa. Kicheko chako kabisa, kile cha kukosa pumzi. Ule wa mutalimbo naye akacheka juu ya kumuona anacheka. Miye nilibaki mu shimo. Sikutaka kutoka, asije akanyamaza.

Kisha tulifunika shimo pamoja. Tangu pale, kila Siku ya Mungu anatoka na benzake ba masomo, miye shofere tu. Anabakataza kubeba jembe.

Juzi nikamuuliza: "Noeli inafika. Unataka kurudia Kongolo kwa nkambo?"

Akasema: "Nkambo namupenda. Lakini nani atakusomea telefone?"

Basi nakuomba: kwa Noeli tukuje wawili, umuangalie mwenyewe anacheka, na utuache turudi wawili.

Unisalimie dada yangu mukubwa mwenye anakupikia, muambie sombe yake ya majani ya muhogo naiota. Salimia na katekista wetu wa zamani, ule alikuwa ananipiga juu ya kusoma. Alikuwa na haki. Nakushika miguu yote mbili, pole pole juu ya magoti.

Ni miye mutoto wako wa mwisho,
Dieudonné

Mama, ile ya bahati ni uongo. Sijapata kasanduku hata kamoja. Tote tutano alitupata Bea.