Tulizima Moto Wageni Walipokuja Kupima Moshi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mabati ya jiko letu yatapigiliwa kwenye banda la ndama, na mwenye kosa ni mimi.

Naishi Tumati, Mbulu, na mume wangu Modest, mama yake Bibi Fransiska, na mtoto wetu Glory wa miaka miwili. Huku ni baridi, na mama mkwe ana nyumba yake ya zamani yenye moto katikati, hapo ndipo tunapopika, hapo ndipo anapoota moto, juu darini mahindi ya mbegu yanapigwa moshi yasiliwe na wadudu, na Glory analala hapo hapo na bibi yake kwa sababu kuna joto. Mwaka huu mtoto ameugua nimonia mara mbili. Mara ya pili muuguzi wa zahanati alimnusa nguo akaniuliza, "Mama Glory, huyu mtoto analala wapi?" nikamweleza, akasema tumtenge mtoto na moshi, basi Modest akanunua mabati ya kujenga jiko la nje.

Kabla hajaanza wakaja watafiti wanaopima moshi majumbani. Mmoja wao, Joakimu, alimvalisha mama mkwe kifaa kidogo kifuani, kina mkanda, kinanguruma taratibu kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu, akasema akivae siku mbili, akilala akiweke karibu na kichwa, na sisi tuishi kama siku zote. Gari lao lilipoondoka tu mama mkwe akaniambia, "Oliva, watu wametoka mbali wamekuja kwangu, na kesho watapita kuangalia kifaa chao. Waingie humu watokwe machozi? Zima huo moto." Nikasema, "Mama, si ndicho wanachotaka kupima?" Akanijibu, "Kwa hiyo na mavi ya ndama tuwawekee mlangoni?" Mimi ni mkwe, nikazima. Siku zote mbili nilipika kwa jirani yetu Helena, makande, ugali, hadi maji ya kuoga, na mama mkwe alishinda nje juani amejifunika blanketi mbili, usiku yeye na Glory wakalala chumbani kwetu, maana Modest alikuwa amesafiri siku hizo. Siku ya tatu kifaa kilichukuliwa, na kabla vumbi la gari halijatulia moto ulikuwa unawaka.

Wiki iliyopita kila nyumba ilipewa karatasi ya majibu yake. Yetu inasema moshi ni kidogo sana, mama mkwe akaipeleka hadi kanisani, sasa akina mama wananiuliza tunatumia kuni gani. Helena naye alikuwa amevaa kifaa siku zile zile, na yake iko juu mno. Alikuja nayo mkononi akacheka, "Hongereni, Mama Glory. Jiko lenu liko kwangu." Nikacheka naye. Lakini Modest anasema, "Wataalamu wamepima, moshi hatuna. Mtoto anakohoa kwa baridi, abaki kwa bibi kwenye joto, mabati yaende kwa ndama." Nikisema ukweli nitamwaibisha mama mkwe mbele ya kanisa zima, na tangu niolewe hajanitolea neno baya hata siku moja, nikinyamaza mtoto anaendelea kulala pale, na jana ameanza tena kukohoa. Nifanye nini?

Oliva, Tumati

*

Marahaba, mwanangu Oliva. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa simu, kwa sababu Jumamosi haingoji gazeti. Likichapwa, majina yatakuwa mengine.

Tuanze na mtoto. Leo hii Glory alale chumbani kwenu, umfunike vizuri. Ukimwona anapumua haraka haraka, au mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, au anakataa kula, usimwombe mtu ruhusa. Mpeleke zahanati.

Sasa nikueleze kuhusu kile kifaa. Kinavuta hewa kidogo kidogo, ile ile anayoivuta aliyekivaa, na kuipitisha kwenye kichujio. Chembe za moshi ambazo jicho halizioni hubaki pale, nazo ndizo zinazopimwa. Nilipokuwa mwalimu tulikuwa na kopo la kupimia mvua uwanjani. Siku moja wanafunzi wa zamu walilifunika ili lisichafuke kabla mkaguzi hajafika. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi mkaguzi aliandika kwamba hapakuwa na mvua, huku viatu vyake vimejaa tope. Karatasi anayoishika Modest ni kopo lile.

Najua hukudanganya kwa tamaa. Mama mkwe aliwaonea haya wageni, wewe ukamwonea haya mama mkwe. Lakini uliuliza swali sahihi kabisa, kisha ukaliacha lianguke, na hapo nakugombeza. Heshima ya ukwe haikukuzuia kumnong'oneza Joakimu alipokuja kuchukua kifaa chake.

Na kuna jambo umeliandika kwa haraka ukalipita. Moshi wenu haukwenda mbali. Ulikwenda kwa Helena. Amepewa karatasi yenye moshi wa nyumba mbili, na pengine anailaumu nyumba yake, wakati kosa lake ni kukupa mafiga. Unaogopa mama mkwe asiaibike, na Helena amekwisha kuibeba aibu yenu, tena akicheka.

Fanya hivi. Kaa na mama mkwe nje juani, mpe Glory ampakate, mwombe aweke sikio mgongoni mwa mtoto asikilize kifua kinavyolia. Usimwendee na mashtaka. Mwambie mama kwamba lazima Modest ajue ukweli, na ungependa ausikie kwa mama yake mwenyewe. Mwanamke aliyekaa juani siku mbili kwa ajili ya heshima ya nyumba yake anaweza kusema sentensi moja kwa ajili ya mjukuu. Akikataa, sema wewe, kabla ya Jumamosi.

Kisha mpigie Joakimu. Usitetemeke, huyo si polisi. Asipojua, ataandika kwamba nyumba yenye moto katikati haina moshi, na wengine watamwamini. Akikubali kurudia, zipimwe nyumba zote mbili, na siku hizo pikeni kama mnavyopika siku zote. Wageni wakitokwa machozi, wapeni maji wanawe.

Moto wa bibi usizimwe kabisa. Tumati ni baridi, na mbegu zinautaka moshi. Upishi uhamie nje, mtoto alale kwingine, bibi aote moto wa kuni kavu, mlango ukiwa wazi.

Mistari hii mwonyeshe Modest: Baba Glory, mtoto aliugua kabla ya karatasi na anakohoa baada ya karatasi. Uliponunua mabati hukuwa na namba yoyote, ulikuwa na mtoto mgonjwa, na uliamua vizuri. Ndama atangoja. Ana manyoya.

Jiko likikamilika, Oliva, chakula cha kwanza mpikie Helena. Aje mikono mitupu, asilete hata ukuni mmoja.